Duara na mstatili vilivyopishana vyenyewe: uchambuzi wa kisa cha maumbo yanayofunikana

Malalamiko yalifika yakiwa na sentensi mbili na picha mbili. Katika picha ya kwanza duara la njano lilikuwa juu ya mstatili wa kijivu. Katika ya pili, iliyopigwa sekunde chache baadaye, mstatili uleule ulikuwa umelifunika duara lilelile. Mtumiaji alieleza kwamba hakugusa lolote kati ya hayo mawili. Alichofanya ni kuburuta mshale uliokuwa pembeni, mbali na yote.

Programu yenyewe ni ya kuchora michoro ya maelezo ndani ya kivinjari. Unaweka miraba, maduara, mishale na maandishi, unayapaka rangi, na yanapofunikana unachagua lipi liwe mbele kwa vitufe vinne: mbele kabisa, mbele hatua moja, nyuma hatua moja, nyuma kabisa. Tulikuwa watatu tulioitunza, na mimi ndiye niliyekuwa nimeandika sehemu ya kuchora.

Nilifungua mchoro wake kwenye kompyuta yangu, nikauburuta ule mshale huku na huko kwa dakika nzima. Duara halikutikisika. Hitilafu inayomtokea mwenzako na kukukwepa wewe hukushawishi umjibu aizime kompyuta na kuiwasha upya. Nashukuru hatukumjibu hivyo, maana nyuma ya duara lile tulikuta makosa manne yamelaliana, na yote yalizaliwa na wazo moja tulilolikosea tangu mwanzo.

Turubai haina juu wala chini

Turubai ya kivinjari (canvas), yaani eneo la ukurasa linalochorwa kwa amri za programu, haikumbuki maumbo. Ukiiamuru ichore duara, hubadilisha rangi za pikseli kadhaa (nukta ndogo zinazounda picha), kisha husahau kabisa kwamba kulikuwa na duara. Ukichora mstatili baadaye mahali palepale, pikseli zilezile hupata rangi mpya, na jicho la mtazamaji ndilo linalosema mstatili uko juu. Ndani ya turubai kuna kilichotangulia na kilichofuata, basi. Ndivyo afanyavyo mchoraji wa rangi za mafuta: mlima wa mbali kwanza, kisha miti, kisha mtu aliyesimama mbele ya miti. Jina la mbinu hiyo katika taaluma ya michoro ya kompyuta ni kanuni ya mchoraji, na si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1972 Martin Newell, ndugu yake Dick Newell na Tom Sancha walichapisha njia ya kuzipanga nyuso za maumbo ya pande tatu (yenye urefu, upana na kimo) kutoka ya mbali hadi ya karibu, pamoja na namna ya kuzikata zile zinazokataa kupangika. Hizo zinazokataa kupangika nitazirudia, kwa sababu nazo zilitufikia.

Michoro ya SVG, ambayo huandikwa kama waraka unaoeleza kila umbo, nayo hufuata mfuatano huohuo: kilichoandikwa mwisho katika waraka huchorwa mwisho, kwa hiyo hukaa mbele. Ukitaka kukisogeza mbele, unakichomoa na kukipachika mwishoni.

Sisi tulikuwa na orodha ya maumbo, na kila umbo lilibeba nambari tuliyoiita kina. Kabla ya kuchora, programu iliipanga orodha kwa kina kutoka kidogo hadi kikubwa, kisha ikachora kwa mfuatano huo. Kila umbo lilizaliwa na kina 0. Kitufe cha kwenda mbele kiliongeza 1, cha kurudi nyuma kilipunguza 1. Ukinakili umbo, nakala ilirithi kina cha mama yake. Tulipoijaribu kwa maumbo matatu manne ilionekana sawa, tukaendelea na mambo mengine.

Umbo la kumi na moja

Nilichapisha kina cha kila umbo katika mchoro wa yule mtumiaji. Maumbo yalikuwa 12. Saba yalikuwa na 0, matatu yalikuwa na 2, na mawili yaliyobaki, lile duara na ule mstatili, yote yalikuwa na 1. Hapo nilisimama kwanza. Hakuna mahali popote katika faili palipoandikwa lipi kati ya hayo mawili liko juu. Mtumiaji alikuwa ameyapanga kwa mkono wake, akayaona yamekaa atakavyo, nasi hatukuwa tumeuhifadhi uamuzi wake. Kilichoamua ni amri ya kupanga safu, yaani orodha ya vitu, katika JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na vivinjari.

Lakini mbona kwangu duara lilitulia? Jibu lilikuwa katika jambo alilolitaja yeye mwenyewe katika ujumbe wa pili, nami nikalipita haraka: shida ilianza alipoongeza umbo la kumi na moja. Tulipomuuliza toleo la kivinjari chake, lilikuwa la zamani, kabla ya mwisho wa 2018.

Amri za kupanga ni za aina mbili. Aina tulivu huviacha vitu vinavyolingana katika mfuatano vilivyoingia nao: kama duara lilitangulia mstatili na vina vyao ni sawa, duara litatangulia hata baada ya kupangwa. Aina isiyo tulivu haina ahadi hiyo. Kwa miaka mingi V8, injini ya JavaScript iliyomo katika Chrome, ilitumia mbinu moja kwa safu zenye vitu 10 au pungufu, nayo ilikuwa tulivu, na mbinu nyingine ya kasi zaidi kwa safu ndefu kuliko hapo, nayo haikuwa tulivu. Chrome 70, iliyotoka Oktoba 2018, ndiyo iliyoleta mbinu tulivu kwa safu za urefu wowote, na kanuni rasmi ya lugha ikaja kulifanya jambo hilo kuwa sharti katika toleo la 2019. Kwangu mimi, mwenye kivinjari kipya, makosa yetu yalikuwa yamefunikwa na hisani ya kivinjari.

Tulikuwa tumeongeza kosa juu ya kosa. Orodha ilipangwa palepale ilipo, kila fremu, yaani kila mara picha ilipochorwa upya, kwa hiyo matokeo ya fremu hii yalikuwa ndiyo malighafi ya fremu inayofuata. Kuburuta mshale kulilazimisha programu ichore upya mara nyingi kwa sekunde, na kila mara maumbo yenye kina sawa yaliweza kuchanganywa tena. Mshale ulikuwa mbali na duara kwenye skrini, lakini ulikuwa ndani ya orodha ileile.

Mwenzangu alipendekeza tumwambie mtumiaji asasishe kivinjari. Nilipinga, na hadi leo naona nilikuwa sahihi. Kivinjari kipya kingetuliza picha, lakini kisingejibu swali la lipi liko juu. Kingelijibu kwa bahati ya lipi liliumbwa kwanza.

Nambari za katikati

Dawa ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa kuhakikisha hakuna nambari mbili zinazolingana. Umbo jipya lingepata kina kikubwa kuliko vyote. Ukilisogeza umbo kati ya majirani wawili, lingepata wastani wa vina vyao: kati ya 1 na 2 ni 1.5, kati ya 1 na 1.5 ni 1.25, na kuendelea. Inapendeza, kwa sababu unabadilisha nambari ya umbo moja tu.

Tuliamua kuisukuma mpaka ikatike. Weka maumbo mawili yenye 1 na 2, kisha ingiza jipya daima jirani kabisa na lile la 1. Nambari za JavaScript hutunza biti 53 (tarakimu za 0 na 1) zenye maana. Ingizo la 52 bado linapata nambari yake, iliyo kubwa kuliko 1 kwa chembe ndogo sana. Ingizo la 53 halina nafasi tena: wastani unakadiriwa na kurudi kuwa 1 kamili, na tayari una maumbo mawili yenye kina sawa. Ni hitilafu ileile tuliyodhani tumeizika. Mtu anayeandika mchoro mkubwa kwa wiki kadhaa, akiwa na tabia ya kupachika vitu vipya nyuma tu ya kichwa cha habari, anaweza kufika 53 bila kujua kwamba anahesabu.

Ziko njia za kuliepuka hilo. Unaweza kutumia mfuatano wa herufi badala ya nambari, maana herufi unaweza kuzirefusha bila kikomo, na njia hiyo ina faida ya kweli watu wengi wanapohariri mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Sisi hatukuwa na hitaji hilo. Tukaanza kujiuliza kwa nini tunang'ang'ania nambari.

Hapo ndipo wazo lililokosewa lilipojitokeza. Tulikuwa tumelichukulia "kuwa juu" kama sifa ya umbo, sawa na rangi yake au upana wake. Duara linaweza kuwa la njano peke yake, hata kama hakuna kingine kwenye turubai. Haliwezi kuwa juu peke yake. Juu ya nini? Kuwa juu ni uhusiano wa maumbo mawili, na uhusiano huo ukiuandika kama nambari ndani ya kila moja, unaacha mlango wazi kwa nambari mbili kutoafikiana au kulingana. Orodha, kwa upande wake, tayari ina uhusiano huo: vitu viwili haviwezi kukaa nafasi moja ya orodha.

Tukaifuta kina. Nafasi ya umbo katika orodha ikawa ndiyo mpangilio, hakuna kupanga tena wakati wa kuchora. Mbele kabisa ni kulichomoa umbo na kuliweka mwishoni mwa orodha. Nyuma kabisa ni kuliweka mwanzoni. Kuna aliyehofia gharama ya kuhamisha vitu ndani ya orodha ya maelfu. Kazi hiyo hufanyika mara moja kwa kubofya kitufe, ilhali kupanga kulifanyika kila fremu. Programu ikawa nyepesi kuliko awali.

Kubofya na kuona

Kosa la pili lilikuwa limejificha kwa sababu la kwanza lilipiga kelele zaidi. Mtumiaji anapobofya mahali palipo na maumbo matatu yaliyofunikana, lipi lichaguliwe? Lile analoliona, yaani la juu kabisa. Kwa hiyo wakati wa kuchora unapita orodha kutoka mwanzo kwenda mwisho, na wakati wa kutafuta kilichobofywa unapita orodha hiyohiyo kutoka mwisho kurudi mwanzo, ukisimama kwenye umbo la kwanza linalogusa kielekezi.

Sisi tulikuwa na orodha ya pili kwa ajili ya kubofya, iliyofuata tarehe ya kuumbwa. Iliafikiana na picha mpaka pale mtu alipobofya "mbele kabisa" kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ungebofya duara na kukuta umeushika mstatili uliofichika chini yake. Tulikuwa na ripoti za zamani za namna hiyo, tukizifungia faili tukidhani watu wanakosea kubofya. Hilo linaniuma kuliko mengine yote katika kisa hiki. Walikuwa wanaona sawasawa.

Tulipounganisha orodha mbili kuwa moja likabaki jambo dogo la kuamua: duara lisilojazwa rangi, lenye mzingo tu. Ukibofya katikati yake unaona kilicho nyuma, basi kilicho nyuma ndicho kishikwe. Tukaweka kwamba eneo tupu la umbo halizuii kubofya.

Hatua moja ni hatua gani?

Kosa la tatu ndilo nililolifikiria kwa muda mrefu zaidi. Orodha ikiwa ndiyo mpangilio, "mbele hatua moja" inaonekana rahisi: badilishana nafasi na jirani anayefuata. Tuliandika hivyo, tukatoa toleo jipya, na siku zilezile watu wakaanza kusema kitufe kimekufa. Unabofya mara tano, hakuna kinachobadilika, kisha mara ya sita umbo linaruka mbele.

Kitufe kilikuwa kinafanya kazi. Katika mchoro wenye maumbo 40, jirani anayefuata katika orodha mara nyingi yuko upande wa pili wa turubai. Ukipishana naye, hakuna pikseli hata moja inayobadilika, kwa sababu hamfunikani. Mtumiaji anaishi katika picha, haioni orodha.

Tukakibadilisha kitufe kitafute, kuanzia nafasi ya umbo kwenda mbele, umbo la kwanza ambalo kweli linafunikana nalo, kisha kulivuka hilo. Nilitaka kuhakikisha kwamba kuwaruka wale wa katikati hakuharibu kitu, na hoja ni fupi: picha hubadilika pale tu mpangilio wa maumbo mawili yanayofunikana unapogeuka. Wa katikati hawafunikani na umbo letu, na mpangilio wao kwa wao haukuguswa. Kwa hiyo kila bofyo linabadilisha jambo moja linaloonekana, na hilo tu. Ikiwa mbele hakuna anayefunikana nalo, kitufe hufifia.

Swali la "kufunikana" lenyewe lilitaka uangalifu. Njia ya haraka ni kulizungushia kila umbo mstatili wa kulibana na kuangalia kama mistatili hiyo inagusana. Mstari wa mshazari unaokata turubai kutoka pembe hadi pembe hubanwa na mstatili wenye ukubwa wa turubai nzima, hivyo utaonekana unafunikana na kila kitu. Tunatumia mstatili wa kubana kuwaondoa walio mbali, kisha tunapima umbo halisi kwa waliobaki.

Vikundi, na rangi zinazopenya

Kosa la nne lilihusu vikundi. Mtu akiyafunga maumbo mawili kuwa kikundi, moja likiwa chini kabisa na jingine juu kabisa, na kuna la tatu katikati yao, kikundi kikae wapi? Zamani kila mwanakikundi alibaki na kina chake, kwa hiyo umbo la nje liliweza kupenya katikati ya kikundi. Kwa maumbo yasiyopenyeza mwanga ilivumilika. Mtu alipojaribu kukififisha kikundi kizima nusu, mambo yakaharibika.

Ukitaka nyumba yenye ukuta na mlango ififie kama kitu kimoja, huwezi kuufifisha ukuta peke yake na mlango peke yake, kwa sababu ukuta utaonekana ndani ya mlango. Lazima uchore ukuta na mlango pamoja kwenye turubai ya pembeni, kisha uififishe picha hiyo nzima unapoiweka mahali pake. Picha ikishakuwa moja, hakuna cha nje kinachoweza kupita katikati yake. Ndiyo sababu katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti, kipengele chenye opacity (kiwango cha kutopenyeza mwanga) iliyo chini ya 1 huanzisha ulimwengu wake wa tabaka, na kilichomo ndani, hata ukikipa z-index (nambari ya tabaka) ya 9999, hakiwezi kumpita jirani aliye mbele ya mzazi wake. Wengi huona jambo hilo kama ukaidi wa CSS. Ukishajaribu kukififisha kikundi kwa mkono, unaona kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Tukaigeuza orodha kuwa mti: kikundi ni kitu kimoja katika orodha ya mzazi, na ndani yake kina orodha yake. Unapokiunda, kinachukua nafasi ya mwanakikundi aliyekuwa mbele zaidi.

Katika kipindi hicho mwenzangu alipendekeza tuhamie kwenye kumbukumbu ya kina ya kadi ya michoro. Edwin Catmull, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar, aliieleza mbinu hiyo katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Utah: kila pikseli inakumbuka umbali wa kitu cha karibu zaidi kilichoichora, na chochote cha mbali zaidi kinakataliwa, bila kujali mfuatano. Kwa michezo ya pande tatu ni nguzo. Kwetu haikufaa, na sababu ni rangi zinazopenya. Chukua karatasi nyeupe, weka nyekundu ya nusu, kisha bluu ya nusu juu yake: unapata nyekundu asilimia 50, kijani 25, bluu 75. Geuza mfuatano: nyekundu 75, kijani 25, bluu 50. Zambarau mbili tofauti kabisa. Wataalamu wa michoro ya kompyuta Thomas Porter na Tom Duff waliiweka hesabu hiyo wazi mwaka 1984, na haina njia ya kuukwepa mfuatano. Hata duara lisilopenyeza lina pikseli za ukingoni zilizofifishwa ili mzingo usionekane na meno, kwa hiyo kila umbo letu lilikuwa na sehemu inayopenya.

Pete mbili

Ombi la mwisho lilitoka kwa mtu aliyetaka kuchora mnyororo. Pete mbili zilizoshikana hukutana mahali pawili: mahali pamoja ya kwanza iko juu, mahali pengine ya pili iko juu. Alama ya Olimpiki, aliyoibuni Pierre de Coubertin mwaka 1913, imejengwa hivyo kwa pete tano. Hakuna mfuatano wowote wa pete nzimanzima unaoweza kulichora jambo hilo. Ukikunja vifuniko vinne vya boksi la katoni ili kila kimoja kimlalie mwenzake, unapata hali hiyohiyo, na ndiyo ile ambayo akina Newell na Sancha waliitatua kwa kukata.

Hapa orodha yetu ilifika mwisho wa uwezo wake, na nilifurahi kwamba tulijua kwa nini. Tulimwonyesha njia: chora pete A, chora pete B juu yake, kisha chora pete A tena, ukiibana ndani ya mraba mdogo unaozunguka makutano moja tu. Baadaye tukaiweka kama zana, "pitisha juu hapa", ambayo humwekea mtumiaji huo mraba.

Ilibaki kuzisoma faili za zamani. Tulizipanga kwa kina mara moja tu, wakati wa kufungua, na penye kulingana tukafuata mfuatano uliomo ndani ya faili. Kwa michoro mingi ilitosha. Kwa mchoro wa yule mtumiaji wa kwanza, mfuatano wa faili uliuweka mstatili mbele, nasi hatukuwa na namna ya kujua kama ndivyo alivyotaka au ni bahati ya fremu ya mwisho kabla hajahifadhi. Tukamwandikia kumuuliza. Akajibu siku hiyohiyo: duara ndilo la mbele, kwa sababu ndani yake ameandika onyo ambalo kila anayeusoma mchoro lazima alione kwanza.